Kugawa Kompyuta ya Mama Ivy

Jumatatu, 14 Julai 2025

Ukungu. Baridi ya kuuma masikio. Mlima haujaonekana wiki ya pili sasa. Jirani yangu, kwa bahati mbaya, anaonekana. Mwalimu Kathurima, mtu wa Meru, alifundisha hesabu miaka thelathini hapa Nyeri, sasa amestaafu na hana mwanafunzi ila mimi. Aliniita kwenye ua nikipiga mswaki. Akanipasha habari kwamba kompyuta yake ina mifumo miwili. Si kompyuta mbili, alisisitiza. Kompyuta moja, mifumo miwili ndani yake, na kila ukiiwasha inakuuliza leo unataka upi.

Nikamwambia yetu pia iko hivyo. Sijui kwa nini nilisema! Akauliza mfumo wetu wa pili unaitwaje. Nikasema nimeacha maziwa motoni, nikaingia ndani na povu mdomoni.

Sikufanya kazi leo. Mimi ni broka wa mashamba, na siku ya ukungu kama huu mteja hawezi kuonyeshwa shamba, anaonyeshwa ukungu. Nilikaa sebuleni nikiitazama kompyuta. Kusema kweli si yetu, ni ya Watiri, mke wangu. Anadarizi beji za sweta za shule. Michoro yake yote iko humo, kazi ya miaka sita, na waya mrefu unatoka kwenye kompyuta hadi kwenye mashine yake ya kudarizi iliyo chumba cha pili. Wiki hii ana beji mia moja na ishirini za shule moja ya Kangema inayotimiza miaka hamsini. Zinatakiwa Jumapili asubuhi kabla ya ibada ya shukrani. Mwalimu mkuu ameahidi kwamba zikifika sawa, atamtaja kwa wenzake wa shule zingine. Watiri anaisubiri nafasi hii tangu anunue mashine. Ameniambia mara tatu nisiguse kitu.

Sijagusa. Lakini swali limenikaa kichwani. Mfumo mmoja ukiwa macho, ule mwingine unakuwa wapi? Umelala? Unasikia?

Jumanne, 15 Julai

Nimechunguza! Nilikaa saiba, duka la intaneti la mjini, asubuhi nzima. Jambo lenyewe linawezekana. Mfumo wa zamani, yaani Windows, unasogezwa upande mmoja. Upande wa pili anaingia mgeni anayeitwa Linux, ambaye ni wa bure. Wanaita kugawa diski. Kugawa! Nimegawa mashamba kuanzia Othaya hadi Kianyaga kwa miaka kumi na saba. Nimesimama kati ya ndugu wawili wenye panga nikipima kwa kamba. Nishindwe na diski?

Kilichohitajika ni flashi tupu. Nyumbani nilitafuta kila droo. Mwishowe nikaipata kwenye mkebe wa vifungo wa Watiri, imekunjwa ndani ya kitambaa. Nikarudi nayo saiba. Ilikuwa na mafaili mia mbili na kitu, majina ya ajabu, na hakuna hata moja lililokubali kufunguka. Si picha, si barua. Takataka tupu. Nilifuta yote nikaweka Linux.

Jioni nilimuuliza Mwalimu maswali mawili matatu uani, nikisema ni kwa niaba ya rafiki yangu ambaye si mtaalamu kama mimi. Alijibu kwa furaha, mkono mmoja ukichora hewani kana kwamba kuna ubao. Akauliza kama rafiki huyo ametunza nakala ya vitu vyake vyote kwanza. Nikamwambia rafiki yangu si mtoto.

Jumatano, 16 Julai

Watiri kaenda Karatina kununua nyuzi. Nilisubiri geti lilie. Likalia. Nikachomeka flashi.

Ajabu! Inakuonyesha diski yote kama ramani ya shamba, mstari mrefu wenye rangi, na unashika mpaka kwa maus unausogeza unavyotaka. Hakuna chifu, hakuna machozi, hakuna shangazi aliyeletwa kutoka Kangema kutoa ushahidi. Nilisogeza mpaka huku na huku kwa raha tu, robo saa nzima. Kisha nikaweka katikati, nusu kwa nusu, asije mtu akasema nilipendelea. Wa zamani nikamwita Kifunguamimba. Mgeni nikamwita Kitindamimba. Saa tatu kasorobo asubuhi wote wawili walikuwa hai.

Halafu udadisi ukanichukua kabisa. Niliandika barua upande wa Kitindamimba, maneno matatu tu: habari ya huko. Nikazima, nikaingia kwa Kifunguamimba, nikatafuta barua ile. Haipo! Hajui hata kwamba ana ndugu. Nikarudi kwa mdogo. Yeye anaona kila kitu cha mkubwa. Michoro ya beji, picha za mahafali ya binti yetu Ivy, hata risiti za nyuzi. Anachungulia jikoni kwa kaka yake na kaka hajui. Nilienda na kurudi mara kumi na moja. Sijafurahi hivi tangu niuze shamba moja lenye mwamba.

Nilikuwa na mteja saa nne, Bi Mbeti, mwalimu mstaafu kutoka Kianyaga anayetafuta nusu eka karibu na mji. Nikaangalia saa kwa Kifunguamimba. Saa tatu kasoro dakika tano! Nikashangaa muda umekwenda polepole namna hii, lakini nikafikiri labda furaha ndiyo huwa hivyo. Nikaoga. Nikakunywa chai mara mbili. Jua la kunisahihisha halikuwapo. Nilifika stendi nikijisifu kwamba nimewahi.

Ilikuwa saa saba. Simu nilikuwa nimeinyamazisha, ikawa na miito kumi na minne. Bi Mbeti alikuwa amesubiri hadi miguu ikafa ganzi, akachukuliwa na Moffat. Huyo Moffat pia ni broka, na hana hata ofisi, ana koti tu. Mwenye kibanda cha mahindi aliniambia walionekana wakicheka. Ati walikuwa wanacheka!

Jana tu Moffat huyo alimwonyesha mtu shamba lisilouzwa, na leo anacheka na mteja wangu.

Alhamisi, 17 Julai

Tatizo. Kompyuta ikiwashwa sasa inauliza unataka nani, na Watiri akiona swali hilo ataniuliza mimi. Kwa hiyo nimebuni mbinu. Nilitoka kitandani saa kumi na moja alfajiri, nikaiwasha mwenyewe, nikamchagua Kifunguamimba. Watiri alipoamka alikuta kila kitu tayari. Nikamwambia kwa baridi hii kompyuta inataka kupashwa joto kwanza, kama gari.

Aliigusa kompyuta kwa kiganja. Kisha akasema nimebadilika siku hizi. Alinipikia chai ya maziwa matupu na chapati mbili, siku ya kazi! Nilikula nikiwa na aibu kidogo. Chapati ya pili aibu ilipungua.

Saa nne hivi aliniita. Saa ya kompyuta ilikuwa inasema saa moja. Nikamwambia ni baridi. Akauliza tangu lini baridi inarudisha saa nyuma. Nikasema Julai hii ni mbaya kuliko zote.

Nikatoka haraka kwenda uani kwa Mwalimu, kwa niaba ya rafiki yangu. Akafafanua. Ndani ya kompyuta kuna saa moja tu, na mifumo ile miwili haiisomi sawasawa. Mmoja anaiweka kwa saa za Uingereza. Mwingine akija anadhani ni saa za Kenya. Kwa hiyo kila nikitoka kwa mdogo, mkubwa anabaki nyuma kwa saa tatu, mpaka mtu amrekebishe. Nilisikiliza mdomo wazi. Nyumba moja, na kila ndugu ana saa yake! Nikasahau hata kumkasirikia Moffat.

Watiri amefikisha beji sabini. Anaimba akiwa kazini. Beji zenyewe ni nzuri, sitaki kuficha: mlima, mwenge, na maneno madogo chini yanayosomeka bila miwani. Mstari wa mlima peke yake aliuchora upya mara tisa.

Ijumaa, 18 Julai

Sina budi kuandika yote kama yalivyotokea.

Alfajiri niliamka kupasha joto. Badala ya kwenda moja kwa moja kwa Kifunguamimba, nilipita kwa mdogo nikaangalie ramani yetu. Kuitazama tu, basi. Hapo ndipo nikakiona. Mwanzoni kabisa mwa diski, kabla ya eneo la mkubwa, kuna kipande chembamba. Hakina jina. Hakina picha ndani, hakina barua. Ukilinganisha na maeneo mengine ni kama upana wa kamba.

Broka yeyote wa Nyeri anakijua kipande cha namna hiyo. Kila shamba linacho. Kimebaki pembeni tangu wazungu wapime, hakuna anayekilima, na anayewahi kupanda nepia, majani ya ng'ombe, ndiye mwenyewe. Nimewaambia wateja wangu miaka yote: ukiona hivyo, panda kitu, maswali baadaye. Nikafuta. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Ikauliza neno la siri. Nikaandika. Hakuna kilichotokea! Hakuna aliyelia. Nikatabasamu peke yangu gizani.

Kisha nikazima na kuwasha, nimwachie Watiri upande wake.

Skrini nyeusi. Maneno meupe mstari mmoja, yanayosema hakuna kitu cha kuwasha. Nikawasha tena. Nikaipiga ubavuni. Nikaipasha joto kwelikweli, kwa blanketi. Hakuna Kifunguamimba, hakuna Kitindamimba.

Watiri akaja na kikombe chake. Nikamwambia imekataa tu yenyewe. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha mashine akaweka mkono juu ya sweta ambazo hazijadariziwa. Hamsini zimebaki. Kisha uso ukamfunguka. Akasema hakuna neno, ataazima kompyuta ya dadake Sophie, maana michoro yote ameiweka kwenye flashi na flashi iko kwenye mkebe wa vifungo.

Flashi ile ile niliyoifuta Jumanne.

Hapa ningeweza kusema. Nilifungua mdomo, nikajisikia nikimwambia twende tukaitafute pamoja. Tukatafuta! Tulimwaga vifungo vyote mezani. Tulisogeza kitanda. Nilishika tochi, nikaingia chini ya kabati kwa tumbo, nikauliza kwa sauti ya mtu mwenye uchungu kama hajaisahau kwa Sophie. Muda wote huo flashi ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu, inanichoma ubavu. Saa nzima na nusu. Watiri alianza kulia kimyakimya, bila kuacha kutafuta, na mimi nikawa naokota vifungo kimoja kimoja ili nisimtazame.

Ndipo Mwalimu Kathurima akaita kutoka uani, kwa sauti ya darasani:

“Kingori! Ile flash uliweka Linux, ilishika? Ama ni ile kompyuta ya bibi imekataa?”

Watiri akageuka. Akaangalia koti langu.

Watiri akanyoosha mkono. Nikatoa flashi mfukoni nikaiweka kwenye kiganja chake. Akaniuliza neno moja tu: “Zote?” Nikasema zote, na kwamba nilidhani ni takataka kwa sababu hazikufunguka. Akakaa chini kati ya vifungo. Nilitamani anitukane.

“Baba Ivy,” akasema baadaye, “hiyo kompyuta ikirudi bila michoro yangu, wewe ndio utaenda kuambia mwalimu mkuu. Mimi niko na aibu.”

Nikaifunga kompyuta kwa blanketi, nikaibeba kifuani hadi Majengo kwa Shakir, fundi ambaye watu wote wa mjini wanamsifu. Nikakuta duka limefungwa. Ijumaa, saa saba, kaenda msikitini. Nilikaa kwenye ngazi yake na kompyuta mapajani kama mtu aliyepeleka mtoto zahanati. Moffat akapita ng'ambo ya barabara na koti lake. Akaniinulia mkono. Bi Mbeti alikuwa naye.

Shakir alirudi, akasikiliza, akasema kuna watano mbele yangu. Nije kesho. Akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula.

Jumamosi, 19 Julai

Nilikuwa mlangoni kwa Shakir kabla hajafika. Watiri bado ana hasira, ila aliniwekea uji.

Shakir alichomeka flashi ile ile, niliyoibeba pamoja na kompyuta, akatazama ramani, akanitazama mimi. Akauliza kazi yangu. Nikasema broka wa mashamba. Akacheka hadi akashika meza.

“Mzee, nyumba zote mbili ziko, hazijaguswa hata tofali. Hicho kipande ulichofuta ndicho barabara. Kompyuta ikiamka inapitia hapo kwanza ndio ijue nani anakaa wapi. Wewe umelima njia ya kuingilia.”

Barabara! Mimi! Mimi niliyemshtaki mtu kwa mzee wa kijiji huko Kangema kwa kuzungushia ua njia ya watu! Nilijisikia mdogo kuliko kile kipande. Lakini hapo hapo nikataka kujua: je, barabara inajuaje njia? Nani aliichora? Na ikifutwa, wale wawili ndani wanaendelea kuishi tu, gizani, wakingoja mtu abishe hodi? Shakir akasema nisogee, nimemzibia mwanga.

Alitengeneza barabara upya kwa dakika arobaini. Kifunguamimba akaamka. Michoro yote imo, mlima, mwenge, miaka sita yote. Nilimkumbatia Shakir. Akaniomba nimwachie. Kitindamimba nilikubali aondolewe, kwa sababu niliwaza uso wa Watiri, na ile nusu yake ya diski ikarudishwa kwa mwenyewe. Nilisikia huruma kidogo, sikatai. Alikuwa kijana mchangamfu.

Saa sita nilikuwa nyumbani. Watiri alifungua mafaili moja baada ya jingine, taratibu, akiyahesabu kwa midomo. Alipomaliza akavuta pumzi ndefu akawasha mashine. Amedarizi tangu saa hiyo bila kuinuka. Mimi nimekata nyuzi, nimepiga sweta pasi, nimepika mukimo ambao hakuna aliyeulalamikia. Beji ya mwisho imetoka saa mbili usiku.

Jumapili, 20 Julai

Kangema. Ibada ndefu. Watoto mia na ishirini wamevaa mlima kifuani! Mwalimu mkuu alimsimamisha Watiri mbele ya watu wote, akamtaja kwa jina. Nilipiga makofi hadi mikono ikaniuma, na machozi yakanilengalenga. Mwalimu mkuu mwenzake kutoka Kangari alimfuata nje hapo hapo. Beji mia mbili, Jumamosi ijayo.

Tuliporudi nilikuta Mwalimu Kathurima anatusubiri na karatasi. Watiri alikuwa amemwita. Ni mkataba, umeandikwa kama wa kuuza shamba: mimi mwenye kitambulisho namba fulani, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa, naahidi kutogusa kompyuta, skrini, kibodi, maus, flashi, wala waya wowote unaotoka humo. Shahidi Kathurima. Nikaweka sahihi, nikaweka na kidole gumba. Watiri akaukunja, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, akanimiminia chai.

Nimepata somo langu. Nimetulia kabisa. Mtu ajue mipaka yake.

Jumatatu, 21 Julai

Ukungu. Watiri kaenda Karatina kutafuta nyuzi za kijani za Kangari. Kompyuta imefunikwa kwa kitambaa. Nimeipita mara tano bila hata kuinua ncha. Ahadi ni ahadi.

Niliusoma mkataba tena, kwa mazoea tu ya kazi. Umeandikwa vizuri. Mwalimu ana mwandiko safi. Lakini Mwalimu si broka. Kompyuta imo, skrini imo, kibodi, maus, flashi, waya, vyote vimo. Mashine ya kudarizi haimo.

Sikuwahi kuitazama vizuri mashine ile. Miaka sita nilidhani ni cherehani yenye waya. Leo nimeiwasha, na ubavuni ina kidirisha kidogo kama kiberiti, na kidirisha kinaandika maneno. Nani anayaandika, na kompyuta imezimwa? Maana yake kuna mfumo humo ndani. Una diski? Umegawanywa? Kuna nafasi imebaki? Safari hii barabara siigusi, nishajua ilipo, na sifuti chochote. Nachungulia tu.

Kifuniko cha nyuma kina skrubu nne. Zote zimetoka bila shida. Kuna springi moja imeruka ikaingia chini ya kabati, lakini ni ndogo sana, sidhani kama ni ya kazi yoyote.